Watoto wa shule kuambiwa wana presha huku Makete, hivi vipimo tuviamini?

Mwl_wa_Milimani

Wakuu kamwene. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Makete, kijijini haswa, na ndo nimebebeshwa mambo ya afya shuleni kwa sababu tu niliwahi kusoma baiolojia mpaka kidato cha sita. Naomba mawazo kwa mnaoyajua haya maana hapa nimeshikwa pabaya.

Mwezi wa saba walikuja vijana wa chuo fulani kwenye mambo yao ya field, wakapima watoto kuanzia la pili mpaka la saba, urefu, uzito, mzunguko wa mkono na presha. Kazi yote asubuhi moja, wakaondoka, baadae wakatuma karatasi ina majina ya watoto na namba zao na pembeni kuna sehemu ya maoni. Wapo walioandikiwa "presha iko juu" na wengine kibao "amedumaa". Mwalimu mkuu akasema ibandikwe mlangoni kwa ofisi wazazi waone, na wazazi wameona kweli maana saivi simu yangu haipoi.

Mfano kuna binti wa la tano, miaka 11 kwa rejista yetu, wameandika 124/82, urefu 130, kilo 28, presha iko juu, amedumaa, ila BMI (uzito kulinganisha na urefu) kawaida. Mwingine wa kike la pili, miaka 8, 112/76, naye presha iko juu. Halafu kuna dume moja la darasa la saba, miaka 13, lina 118/70 wanasema yuko sawa. Sasa baba wa yule wa la pili ananiuliza, mwalimu inakuwaje 118 ni mzima na 112 ni mgonjwa? Nikabaki natabasamu tu.

Kilichonileta hapa leo ni kwamba bibi yake yule binti wa la tano, ambae na yeye ni mtu wa presha, ameanza kumkatia mjukuu nusu ya kidonge chake kila asubuhi. Kaniambia mwenyewe, tena ananishukuru eti tumemsaidia kugundua mapema. Nifanyeje? Na hivi mtoto wa mlimani anayekula ugali na viazi na kutembea umbali wote ule kuja shule na kurudi, presha anaitoa wapi?

nesi_wa_zahanati

Mwalimu, mengine yote yasubiri, hicho kidonge kiachwe LEO. Sio kesho. Dozi ya mtu mzima kwa mtoto wa kilo 28, ambae hata hatujui kama anaumwa, ikimshusha presha atadondoka njiani na ndoo ya maji kichwani, na zipo dawa za presha ambazo mtu mwenye shida ya figo hapewi kienyeji. Nenda mwenyewe kwa bibi, usimtume mtoto na kikaratasi. Ukifika mwamkie vizuri, kaa, mwombe akuonyeshe hizo dawa, andika jina lake, kisha mwambie daktari anataka kumpima upya mjukuu na akipimwa akiwa na dawa mwilini majibu hayatoki sawa. Hapo atakuelewa, na wala humdanganyi. Ukianza kumfokea atakukubalia ukiwa hapo na asubuhi kidonge kinakatwa kama kawaida.

La pili, nijibu haya. Walipimwa wamevaa sweta? Walikaa wapi, kwenye kiti chenye egemeo au benchi? Walipimwa mara ngapi kila mmoja? Mashine ilikuwa ya aina gani na kafu, ule mkanda unaofungwa mkononi, zilikuwa ngapi?

Mzee_wa_Uporoto

Haya mambo ya kupima pima watoto ndo yanaleta magonjwa. Sisi tumekua huku juu tunakula viazi na mboga za majani asubuhi tunakanyaga umande peku, nani alipimwa presha? Na tumefika. Presha ni ya watu wa mjini wanaokaa ofisini wanakula chipsi mayai, mtoto wa darasa la pili ana madeni gani mpaka apate presha?

nesi_wa_zahanati

Shikamoo mzee wangu. Waliofika ndo unaowaona.

Mwl_wa_Milimani

Asante nesi, jioni hii napitia kwa bibi.

Majibu yako: sweta walivaa wote, mwezi wa saba huku asubuhi kuna sakitu nyeupe majanini, nani avue? Walikunja mkono wa sweta na wa shati mpaka juu. Walikaa kwenye benchi la darasani, wale wadogo miguu inaning'inia. Mashine ilikuwa ile ya umeme ya betri inayojipampu yenyewe, moja tu, na kafu moja hiyohiyo kuanzia la pili mpaka la saba. Walipimwa mara moja moja, mtoto akitoka anaingia mwingine, wengine walikuwa wanatoka kukimbia uwanjani wanaingia moja kwa moja. Ah na kuna kitu nilisahau, vijana walivaa makoti meupe, watoto wa kike wakadhani ni ile chanjo ya sindano wanayopigwa shuleni, wawili walilia kabla hata hawajafika mezani.

Kijana_wa_Kihesa

Basi jibu unalo mwalimu. Kafu ya mtu mzima kwenye mkono wa mtoto ndo imepandisha presha. Kesi imeisha, wazazi waambie mashine mbovu.

nesi_wa_zahanati

Hapana mdogo wangu, umegeuza. Kafu NDOGO kwenye mkono mnene ndo inapandisha. Kafu KUBWA kwenye mkono mwembamba inashusha, inasoma chini ya ukweli. Kwahiyo kafu peke yake haiwezi kuwa sababu ya hao wenye namba za juu, na mbaya zaidi ni kwamba hata wale walioandikiwa "yuko sawa" siwezi kukuapia kuwa wako sawa.

Mwalimu angalia pembeni ya kafu ya mashine yoyote, kuna namba zimeandikwa. Hizi nyingi za maduka ya dawa ni 22 mpaka 32, maana yake mzunguko wa mkono kwa sentimita. Sasa shika futi kamba ya fundi cherehani, pima mkono wa mtoto wa la pili katikati ya ncha ya bega na kiwiko, utakuta wengi wana 17 au 18. Hapo hiyo kafu haina kazi. Kanuni ni kwamba lile puto la ndani ya kafu upana wake ufike angalau asilimia 40 ya mzunguko wa mkono na urefu wake uzunguke asilimia 80 mpaka 100. Na hao vijana mzunguko wa mkono waliupima, wameuandika kwenye karatasi, halafu hawakuutumia kuchagua kafu! Hapo ndo nachoka.

Kilichopandisha kwa maoni yangu ni vile vingine. Mkono wa sweta ukikunjwa juu ya shati unabana kwapani na unaharibu kipimo. Baridi yenyewe inapandisha, mishipa inasinyaa. Miguu inayoning'inia, mgongo hauna pa kuegemea, mtoto katoka kukimbia, mtoto anaogopa sindano, kila kimoja kinaongeza chake. Mtoto anatakiwa akae ametulia dakika tatu mpaka tano, asiongee, mgongo umeegemea, nyayo zimekanyaga chini au juu ya tofali, mkono wa kulia uko mezani usawa wa moyo. Kwanini wa kulia, kwa sababu kuna watoto wanazaliwa na mshipa mkubwa wa moyo umebana sehemu, ukipima kushoto unaweza kukosa tatizo. Ukimaliza unapumzisha dakika moja hivi unarudia, na unarudia tena.

Takwimu_Mbeya

Nesi kamaliza upande wa presha, mimi nimekaa sana na data za watoto wa shule kwa hiyo niongelee urefu na umri, maana hapo ndo penye shimo ambalo watu hawalioni.

Mwalimu, huyo binti wa la tano, hiyo miaka 11 mmeitoa wapi? Kwenye cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, au mzazi alikuja kuandikisha akasema "andika tu mwaka fulani"? Nauliza kwa sababu kudumaa kunapimwa kwa urefu kulinganisha na umri, ukikosea umri umekosea kila kitu. Tunatumia chati za WHO za mwaka 2007 za miaka 5 mpaka 19. Msichana wa miaka 11 kamili mstari wa kudumaa uko kama sentimita 132, yeye ana 130, yuko chini, amedumaa. Sasa chukulia kwamba kweli ana miaka 10. Mstari wa miaka 10 uko kama 126. Yuleyule, 130 yake ileile, hajadumaa! Tarehe moja ya kubahatisha kwenye rejista na mtoto anabandikwa mlangoni. Na inaweza kuwa kinyume chake pia, mtoto ana 12 kaandikwa 10, anaonekana yuko vizuri kumbe hayuko.

Halafu hiyo BMI kuwa "kawaida" isiwachanganye. Kilo 28 gawanya kwa 1.30 mara 1.30 unapata 16.6, kwa umri wake iko kwenye kawaida kabisa. BMI inauliza tu uzito unalingana na urefu ulionao? Mtoto mfupi mwenye uzito wa mtoto mfupi atakuwa sawa tu. Kwahiyo mtu anaweza kuwa amedumaa na BMI nzuri kwa wakati mmoja, hakuna anayemdanganya mwenzie. Na wewe mwalimu ukimtazama unaona mtoto kakakamaa anabeba kuni vizuri, unasema huyu hajadumaa. Jicho halioni umri.

Na urefu wenyewe walipimaje? Nimeshawahi kuona mtu amechora mistari ukutani kwa chaki na watoto wanapimwa na buti za mvua miguuni. Angalau watoto wetu wa msingi wananyoa, huko sekondari binafsi kwenye misuko ndo balaa. Viatu vivuliwe, visigino, makalio na mabega viguse ubao, macho yatazame mbele. Uzito nao, sweta zito, kaptula, buti, hapo ushaongeza kilo nzima na zaidi, kwa mtoto wa kilo 20 sio kitu kidogo. Mizani iwekwe kwenye sakafu ngumu, sio kwenye udongo uliobonyea.

Sasa kuhusu baba anayeuliza 118 na 112, huyo baba ana akili, msiwapuuze wazazi. Kwa watoto presha haina namba moja ya wote. Inapanda kadri mtoto anavyokua na inategemea umri, jinsia na urefu. Mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa 2017 ambao wengi wanautumia una jedwali la kuchuja haraka: msichana wa miaka 8 akifika 107/69 unatakiwa umwangalie zaidi, wa 11 ni 111/74, na kuanzia miaka 13 kwenda juu ni 120/80 kwa wote. Kwahiyo wa la saba na 118/70 yake yuko chini ya mstari wake, wa la pili na 112/76 amevuka wake. Ila KUVUKA MSTARI HUO SIO KUUMWA. Maana yake ni mpime tena vizuri na umtafute kwenye jedwali kamili lenye urefu. Ili mtoto aambiwe ana presha inatakiwa aonekane juu siku tatu tofauti, na kama ilikuwa mashine ya umeme basi athibitishwe kwa mashine ya mkono na stethoskopu. Nyie mmepata kipimo kimoja cha asubuhi moja ya baridi. Neno "presha iko juu" halikutakiwa kuandikwa kabisa.

Mama_Parachichi

Nimesoma nikiwa Njombe hapa nimeumia. Hivi majina ya watoto mnabandika mlangoni? Binti wa miaka 11 wenzake wanasoma "amedumaa", unadhani wanamwitaje uwanjani? Wangu alirudi nyumbani mwaka juzi analia kwa mambo ya aina hiyohiyo, shule ni nyingine sitaitaja. Hao waliopima walitakiwa waje na kibali cha utafiti, wazazi tukubali kwanza, na majibu apewe mzazi wa mtoto husika faragha. Mwalimu kaitoe hiyo karatasi kesho asubuhi kabla hata ya kengele.

Na kuhusu kudumaa tusijifanye hatujui. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulitoa Iringa asilimia 56.9 ya watoto chini ya miaka mitano, sisi Njombe 50.4, Rukwa 49.8, wakati nchi nzima ni 30. Mikoa inayolisha nchi! Tunavuna mahindi tunauza, maziwa gari la maziwa linapita linachukua, parachichi linaenda ulaya, mtoto anabaki na uji mweupe wa sembe asubuhi na ugali kwa mboga ya majani jioni. Mama yuko shamba toka alfajiri mpaka jua linazama, mtoto wa mwaka mmoja kaachiwa dada yake wa miaka saba, unategemea atakula mara ngapi? Kwahiyo huyo wa la tano kama kweli amedumaa alidumaa zamani huko, kabla hajafikisha miaka miwili. Leo kumwambia haimsaidii yeye ila inaweza kumsaidia mdogo wake.

Mzee_wa_Uporoto

Hapo mama umesema kweli. Ulanzi, ile pombe ya mianzi, nao usiusahau, kule Iringa msimu wake ukifika mpaka watoto wanapewa kikombe.

Dk_wa_Zamu

Nimeona uzi huu nikiwa zamu usiku niseme machache, mengi wenzangu wameyasema vizuri.

Mwalimu kuuliza mtoto wa mlimani presha anaitoa wapi ni swali zuri. Kwa mtoto mwembamba wa kijijini, presha ikithibitika kweli iko juu, sisi kwanza hatufikirii chipsi, tunafikiria FIGO. Huku kwetu kinachotokea ni hiki: mtoto anaumwa koo au anapata upele na vidonda vya ngozi vilivyoingia bakteria, vinapona au havijapona vizuri, wiki moja mpaka tatu baada ya koo, au tatu mpaka sita baada ya ngozi, figo zinavimba. Utaona uso umevimba hasa macho asubuhi akiamka, mkojo unapungua na unakuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, presha inapanda kwa kasi. Hiyo sio ya kusubiri vipimo vya siku tatu. Mtoto wa hivyo, au mwenye kichwa kinachouma sana na kutapika, macho kuona ukungu, degedege, kupumua kwa shida, anapelekwa hospitali siku hiyohiyo. Na upele wa bwenini na wa nyumbani tuutibu, watu wanauona ni kitu kidogo.

Kwa binti wa la tano: 124/82 siipuuzi hata kwa makosa yote hayo ya upimaji, hasa kama kafu ilikuwa kubwa kama nesi alivyosema. Bibi akishaacha kumpa dawa, apimwe upya kwa kafu yake. Ikiendelea kuwa juu apewe rufaa kituo cha afya, apimwe mkojo kwa kile kijiti kuangalia protini na damu, ni kipimo rahisi na kinatuambia mengi. Daktari amguse mapigo ya kwenye nyonga na ampime presha ya mguu pia. Kikionekana kitu, Makete huko mna hospitali, na zaidi ya hapo kuna Rufaa ya Kanda Mbeya.

Ukipata nafasi muulize mama yake alizaliwa na kilo ngapi. Tangu miaka ya 1980 daktari Mwingereza David Barker alionyesha kwamba waliozaliwa na uzito mdogo wana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata presha na moyo ukubwani. Kwahiyo mzee wetu wa Uporoto, kwa watoto wetu njaa ya tumboni kwa mama na presha ya uzeeni vinaweza kuwa kwenye mstari mmoja, sio lazima mtu apitie chipsi mayai.

Chumvi nayo muiangalie, WHO inasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku kwa vyakula vyote, mtoto chini ya hapo. Na hawa vijana wa la sita na la saba wanaokunywa vinywaji vya kuongeza nguvu mnadani, kafeini ile inapandisha, asipimwe kama kanywa muda si mrefu.

Kijana_wa_Kihesa

Dokta swali. Ule utepe wenye rangi nyekundu, njano na kijani nao si ungetumika hapo shuleni kwa sababu hauhitaji hata mizani?

Dk_wa_Zamu

Ule rangi zake ni za mtoto wa miezi 6 mpaka 59. Nyekundu inaishia sentimita 11.5. Mtoto wa darasa la tano karibu wote watatoka kijani hata mwenye shida. Kwa hawa tumia futi kamba ya kawaida, uandike namba.

Mwl_wa_Milimani

Karatasi nimeshaitoa, iko kwenye kabati imefungwa, na mwalimu mkuu nimemsomea maneno ya Mama Parachichi neno kwa neno, akanyamaza kidogo akasema basi sawa.

Kwa bibi nilienda. Kidonge kimeachwa, ila kwa masharti kwamba mimi mwenyewe ndo nimpeleke binti kupimwa na nirudi kumwambia. Nimeandika jina la dawa. Mama yake yupo Dar anafanya kazi za ndani, nimempigia, anasema mtoto alizaliwa nyumbani hakupimwa, na tarehe ya kuzaliwa anaikumbuka kwa msimu tu, ilikuwa wakati wa kupalilia. Kwahiyo ile 11 ya rejista, ndugu Takwimu, hata mimi siiamini tena.

Swali la mwisho, kafu ya watoto naipata wapi huku? Zahanati yetu ina ya watu wazima tu.

nesi_wa_zahanati

Ulizia kituo cha afya cha tarafa, wodi ya watoto, ongea na mganga mfawidhi umweleze unataka waje shuleni au wewe upeleke hao walioandikiwa tu. Usiombe mashine, omba MTU na mashine, kafu peke yake bila anayejua kuitumia mtarudi kulekule. Wapimwe saa tano hivi jua likiwa limeshapanda, wavue sweta kabisa sio kukunja, chumba kiwe na jua, na wale wa la pili wawekewe tofali miguuni. Koti jeupe liachwe kwenye gari.

Takwimu_Mbeya

Na mkiwa hapo mwiteni mzazi aje na kadi ya kliniki kama ipo. Isipokuwepo tumieni kalenda ya matukio ya kijijini kwenu, msimu wa kupalilia, mwaka ambao barabara ilichongwa, nani alizaliwa siku za karibu na yeye mwenye cheti. Mkibaki hamna uhakika andikeni "umri wa kukadiria", msiandike 11 kama vile mmeona cheti.

Mwl_wa_Milimani

Nimempata mganga mfawidhi, anasema Alhamisi ana gari linaleta chanjo huku, atakuja na nesi wa wodi ya watoto na kafu mbili. Tofali tunazo nyingi, darasa jipya halijaisha.